Shikamoo ya Raskazone

Mama alizoea kusema kwamba mkunga alinipokea kwenye mkeka wenye upupu, maana tangu siku hiyo sijatulia. Nilikula nimesimama. Nilisoma nikizunguka uani na kitabu mkononi, kuku wakinikimbia. Hata msikitini, imamu akirefusha sura kidogo tu, vidole vyangu vya miguu vilianza kucheza. Sasa mtu wa namna hiyo mpe kazi ya ukarani katika ghala la mbata, umkalishe kwenye kiti cha mbao tangu asubuhi hadi alasiri akiandika gunia baada ya gunia la nazi kavu, kisha umwambie hayo ndiyo maisha yake mpaka uzeeni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza darasa la kumi na mbili, na harufu ya mbata ilikuwa imeingia hata kwenye mto wa kulalia. Kazi ile niliichukia kwa moyo wangu wote.

Kwa hiyo mwalimu wangu wa zamani aliponifuata ghalani na bahasha ndefu ya serikali, nilimpokonya kabla hajamaliza kunijulia hali. Hiyo ilikuwa katika miaka ya hamsini, na uhuru ulikuwa bado unazungumzwa kwa sauti ya chini. Walikuwa wanatafutwa vijana wachache, nchi nzima, wapelekwe ng'ambo kusomea shahada ya biashara na uongozi, kisha warudi wasimamie vyama vya ushirika na makampuni, ambako wakati huo mtu wa rangi yetu akijitahidi sana alifika kuwa karani kama mimi. Jimbo letu la Tanga lilipewa nafasi moja.

"Nafasi moja ni nyingi," mwalimu alisema. "Wewe ni mtu mmoja."

Tangu saa ile nilikuwa sikaliki. Niliandika namba za magunia juu chini, nikamkasirisha tajiri wangu, nikarudi nyumbani Chumbageni nikitembea kama nafukuzwa. Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa sita. Walitaka picha, walitaka barua ya mwalimu, walitaka kujua kama nimewahi kuugua kifua. Juu kabisa waliandika kwamba mwombaji asizidi miaka ishirini na minne, na umri wake uthibitishwe kwa kiapo. Sentensi hiyo niliisoma, nikaielewa, hata nikainakili kwa mkono wangu kwenye karatasi ya pembeni. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye nilifanya kama mtu ambaye hakuiona.

Mimi sikuwa na cheti cha kuzaliwa. Tukaenda na mama mbele ya karani wa viapo.

"Alizaliwa mwaka gani?" karani aliuliza.

"Mwaka ule mnazi ulipoangukia jiko letu," mama alisema, bila wasiwasi wowote.

"Mama, mnazi huo uliangukia jiko lenu mwaka gani?"

"Si ndio huo aliozaliwa huyu?"

Karani aliweka kalamu chini akacheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikigonga meza kwa vidole, nikiona meli imeshang'oa nanga mimi nikiwa bado nabishana habari za mnazi. Mwishowe alipatikana jirani aliyekuwa na mtoto wa siku zile zile mwenye cheti, nikaapiwa umri wangu.

Kazi ngumu ilikuwa ukurasa wa tano. Palikuwa na swali moja tu na nafasi tupu chini yake: eleza jambo ulilowahi kuliongoza mwenyewe, na lilivyoleta faida kwa wengine. Nilikaa nalo siku nne. Nilikuwa sijaongoza kitu, hata timu ya mpira. Lakini nyumbani kwetu palikuwa na jambo, na jambo hilo lilikuwa la mama.

Wanawake wa mtaani kwetu, na jamaa za mama waliobaki Moa alikozaliwa, walikuwa wakisuka mikeka. Zamani kila mmoja aliuza wa kwake mlangoni. Mchuuzi alikuja na baiskeli, akamwambia huyu kwamba wa jirani ni mzuri zaidi na wa bei nafuu, akaenda kwa jirani akasema vivyo hivyo, mpaka wote wakashuka bei. Mama alilifikiria jambo hilo mwezi mzima, sindano mkononi. Kisha akawaambia wenzake walete mikeka yote chumbani kwake, na hata ile ya Moa iletwe kwa basi, iuzwe pamoja. Wale wenye mkono mzuri wakakataa. Ukili wao, ule ukanda wa miaa unaoshonwa kuwa mkeka, ulibana sawasawa; wachanganywe na wavivu kwa nini?

Mama hakugombana nao. Alimtaka kila mmoja atie uzi wa rangi yake kwenye pindo, kwa ndani, kidogo tu. Mikeka ikapangwa mafungu matatu kwa ubora, kila fungu na bei yake. Hakuna aliyeambiwa mbele za watu kwamba kazi yake ni mbovu. Mwenyewe alikuja chumbani, akautafuta uzi wake uko fungu gani, akaenda zake kimya akasuke vizuri zaidi. Baada ya miezi michache fungu la tatu lilikuwa karibu tupu, na mchuuzi akawa anapiga hodi kwa adabu. Sehemu yangu katika hayo yote ilikuwa kuandika rangi za nyuzi kwenye daftari.

Niliandika hivyo hivyo. Mama aliongoza, mimi niliandika. Mwalimu akasoma, akanirudishia karatasi.

"Andika 'mimi'."

"Lakini ni mama."

"Hawa wanatafuta kiongozi. Hawatafuti mtoto wa kiongozi."

Nilimaliza wino nikifuta na kuandika upya. Neno 'mimi' lilinikaa vibaya mkononi, kisha likazoea. Ilipofika mwisho wa ukurasa, ni mimi niliyewaza, mimi niliyewakusanya wanawake, mimi niliyevumbua uzi. Nilijiambia kwamba mama hajui Kiingereza, na kwamba nikirudi na shahada faida itakuwa yake.

"Umewaandikia nini huko?" mama aliniuliza jioni ile.

"Habari za mikeka."

"Mikeka!" Akaweka ukili chini. "Wazungu wasikia habari za mikeka yetu? Na uzi umewaambia?"

"Nimewaambia."

Alifurahi. Alitabasamu peke yake muda mrefu, na mimi nikatoka kwenda kuzunguka mtaa kwa sababu sikuweza kukaa mbele ya tabasamu lile.

Barua ya kuitwa ilikuja baada ya wiki kadhaa. Niende Raskazone, kwenye nyumba moja ya ofisi upande wa baharini, saa tatu asubuhi. Siku hiyo niliamka kabla ya adhana. Nilipiga pasi shati mara mbili. Tai niliyoazima kwa mwalimu ilinishinda. Nilipoifunga ikawa fupi, nilipoifungua ikawa ndefu. Chai sikunywa. Mama alikuwa ameshakaa barazani na mkeka wake magotini, nami nikampita nikiendelea kuhangaika na ile tai shingoni. "Nimechelewa, mama," nikasema, nikaruka juu ya baiskeli. Nilifika Raskazone saa mbili kasorobo, nikazunguka nyumba ile mara nane kabla mlinzi hajaniuliza nimepoteza nini.

Tulikuwa watano. Watatu walikuwa vijana wa rika langu, shingo zimekazwa na tai kama yangu. Wa tano alikuwa mtu mzima. Alikuja kwa miguu polepole, koti la kijivu, miwani, uso mpana, na kichwa chake chote kilikuwa mvi, utosini na pembeni. Nilinyanyuka pale pale. Sikufikiri, ni miguu iliyofikiri. Mimi nimelelewa na mwanamke ambaye ukimpita mtu mwenye mvi bila kumwamkia, kofi lilifika kabla hujageuka.

"Shikamoo," nikamwambia.

Alisita. Alivua miwani akaifuta kwa leso, akaivaa tena, akanitazama.

"Marahaba," akasema. "Hujambo?"

Nikampisha kiti changu, kile kilichokuwa karibu na mlango, mimi nikasimama. Wenzetu nao, walipoona hivyo, wakamwamkia mmoja mmoja. Akaitikia wote. Alituambia ametoka Lushoto, ni mwalimu wa shule ya msingi ya misheni. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu. Mimi nilijisemea moyoni kwamba mzee huyu umri wake kaukata kwa shoka, na karani wa viapo wa kwao lazima ni shemeji yake. Lakini ubaya huo nilimfikiria kwa heshima.

Tukaitwa ndani. Palikuwa na meza ya duara, na pembeni yake bwana mmoja wa Kizungu mwenye kaptula na soksi ndefu, na bibi mmoja wa Kizungu mwenye daftari. Bwana alitueleza kwamba hawatatuuliza kitu. Watatupa tatizo, tulizungumze wenyewe, wao watatazama. Tatizo likasomwa. Kijiji kimoja kina wakulima wa nazi. Kila mmoja anauza peke yake na wanapunjwa. Wameshauriwa wauze pamoja, lakini wenye nazi nzuri wanakataa kuchanganywa na wenye nazi mbaya. Ninyi ndio viongozi wa chama, mtafanya nini?

Moyo ulinipiga mpaka nikadhani wataona tai inaruka. Hii ilikuwa mikeka ya mama, imebandikwa jina la nazi tu! Nilikuwa na jibu lote kichwani, toka mwanzo hadi mwisho, na majina ya rangi. Niliinua mkono kidogo juu ya meza, nikamtazama mzee. Yeye alikuwa bado hajasema. Nikaushusha.

Huu ndio upumbavu ambao nimeufikiria maisha yangu yote. Mtu ukishampa shikamoo, umempa na zamu ya kwanza. Hukai mezani naye ukaropoka wewe. Wale vijana wengine watatu nao walikuwa hivyo hivyo, tumekaa kama bibi harusi tukingoja mkubwa aanze. Bwana wa Kizungu alitazama saa yake.

Mzee akakohoa. "Nafikiri," alisema kwa Kiingereza kizuri, "iwekwe sheria. Anayekataa kujiunga na chama asiruhusiwe kuuza."

Nilihisi mguu wangu unatikisa meza nikaukandamiza kwa mguu wa pili. Ilikuwa kosa. Wanawake wa Chumbageni wangesikia hivyo wangeondoka na mikeka yao kichwani. Kijana mmoja aliunga mkono, wa pili akaunga mkono, na bibi wa Kizungu akaandika kitu kifupi bila kuinua uso. Mimi nilitakiwa niseme hapana. Lakini kumkosoa mtu niliyemwamkia nusu saa iliyopita, mbele ya Wazungu, ilikuwa kama kumvua kofia yake hadharani nikaikanyaga. Mdomo ulikataa. Nikafanya lile tulilofunzwa kwetu kulifanya mkubwa anapokosea. Niliinama karibu na sikio lake, nikamnong'oneza kwa Kiswahili.

"Mzee, wasilazimishwe. Kila mtu atie alama kwenye nazi zake. Zipangwe mafungu kwa ubora, kila fungu bei yake. Alama aijue mwenyewe tu, asiaibike mtu. Mwenye nazi mbaya atatengeneza mwenyewe."

Alisikiliza bila kugeuza shingo. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kisha akaweka mikono miwili mezani.

"Hapana," akasema. "Nimefikiri tena." Akalieleza lote. Alilieleza vizuri kuliko nilivyolinong'oneza, kwa sauti ile nzito, akitulia penye kutulia. Alipofika kwenye kutomwaibisha mtu, bwana wa Kizungu aliegemea mbele, na kalamu ya yule bibi ikaanza kukimbia. Vijana wenzangu wakasema kweli kabisa. Nami nikasema kweli kabisa. Nakiri kwamba kwa dakika moja nilifurahi. Nilimwokoa mkubwa asiaibike na hakuna aliyejua, na kwetu huyo ndiye kijana aliyelelewa. Dakika ya pili ilipoingia nikaanza kutoka jasho.

Baadaye tuliitwa mmoja mmoja. Bwana alikuwa na karatasi zangu mbele yake.

"Umeandika habari za nyuzi za rangi," akasema. "Mwenzako mezani amesema jambo hilo hilo. Wewe hukufungua mdomo. Kwa nini?"

Ningeweza kusema, nimemwambia mimi. Maneno hayo yalikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini yangemfanya mtu mzima kuwa mwizi mbele ya Wazungu.

"Yeye ni mkubwa wangu," nikasema.

Bwana alitazama karatasi nyingine. Akamtazama bibi, na bibi akainamisha uso kama anayezuia kucheka.

"Mkubwa wako? Una hakika?"

"Nina hakika, bwana."

"Na wazo hili la nyuzi, ulilipata wapi?"

Sijui kilichonipata. Pengine nilikuwa nimechoka kumbeba mzee nikataka kutua mzigo mmoja. "Kwa mama yangu," nikasema. Kisha nikakumbuka kwamba mbele yake palikuwa na ukurasa mzima wa mimi, mimi, mimi. Aliugeuza ukurasa huo taratibu akaulaza kifudifudi. Aliniuliza mambo mawili matatu zaidi, ya adabu tu, akanishukuru.

Kungojea kulikofuata sitaki kukukumbuka, lakini nakukumbuka. Kila posta ilipofika nilikwenda. Na siku ambazo posta haifiki pia nilikwenda, nikasoma matangazo ukutani mpaka nikayajua kwa moyo. Ghalani nilimkoroga tajiri akatishia kunifukuza. Nyumbani niligombana na mlango, na ndoo, na paka. Mama alinivumilia. Barua ilipokuja ilikuwa na aya moja, na aya hiyo ilisema wanasikitika. Siku tatu baadaye mwalimu alinipa habari kwamba nafasi ya jimbo letu ameipata mtu wa Lushoto, mwenye mvi.

Nililia. Nilikwenda nyuma ya magunia nikalia kwa hasira, nikapiga gunia teke mpaka likapasuka. Mzee mzima! Nilimtukana moyoni matusi ambayo mdomoni hayajawahi kupita. Yeye ana nini cha kufanya na shahada, ataitumia kaburini? Mimi ningetoka hapa. Sasa nitakaa kwenye kiti hiki mpaka nikauke kama nazi yenyewe.

Alasiri moja, miezi miwili imepita, nilikuwa barazani nikienda huku na huku, hatua sita kwenda, hatua sita kurudi, mama akishona mkeka.

"Waniingiza kizunguzungu," mama akasema. "Kaa hata kidogo."

Sikukaa. Hapo ndipo ikapigwa hodi, nami nikaziona mvi kabla ya uso. Alikuwa na sanduku jipya la bati mkononi. Alisimama chini ya ngazi, hakupanda.

"Shikamoo, mama," akamwambia mama.

Mama alishtuka, maana aliona mtu wa rika lake. "Marahaba, baba," akasema kwa wasiwasi. "Karibu."

Kisha akanigeukia mimi. "Shikamoo, kaka."

Damu ilinipanda. "Umekuja kunidhihaki nyumbani kwetu?"

"Sikudhihaki. Mimi nina miaka ishirini."

Nilisimama pale nikamtazama. Nilimtazama shingo, nikamtazama mikono. Ngozi ilikuwa laini, ya mtoto wa shule. Mvi zile zilikaa juu yake kama kofia ya kuazima.

"Kwetu ukoo mzima tunaota mvi shuleni," akasema. "Tangu nina miaka kumi na saba watu wazima wananiamkia. Mwanzoni nilikataa, nikawaeleza. Wakaona haya, wakanichukia kwa kuwaaibisha. Basi nikaacha kukataa. Naitikia tu." Aliweka sanduku chini. "Pale Raskazone uliponiamkia nilitaka kukwambia. Halafu ukanipa kiti."

Mama alikuwa ameacha kushona. Mimi nilitaka kupiga kelele na sikujua nianzie wapi. Karatasi ilisema miaka ishirini na minne, nimeinakili mwenyewe! Yule bwana aliniuliza nina hakika, na nikamwambia nina hakika.

"Yule bwana," kijana akaendelea, na sasa hakuweza kunitazama, "aliniuliza mimi pia. Alisema, mbona mwenzako ameandika haya haya uliyoyasema wewe mezani, kwamba ndiye aliyeanzisha mambo ya nyuzi? Nikasema sijui. Meli yangu iko Mombasa, basi laondoka saa kumi na moja. Nimeona nisiondoke bila kuja. Huko niendako hakuna shikamoo. Wataniona mvi na hawatanipisha, na mimi sijui kama kuna kitu ninachokijua. Watu wamenipisha tu."

Nilikuwa nishafungua mdomo nimtapikie yote. Mama akanitangulia.

"Kaandika nani ndiye aliyeanzisha nyuzi?"

Kijana akanitazama, akamtazama mama, akaelewa, akaona aibu kwa niaba yangu. Hilo liliniuma kuliko kukosa nafasi.

"Mimi," nikasema. "Niliandika ni mimi, mama."

Mama alichoma sindano kwenye ukili akaiacha hapo hapo. Kisha akacheka, kicheko kifupi, hakikuwa cha furaha wala cha chuki.

"Kumbe n'na wezi wawili barazani," akasema. Akamgeukia yule kijana akampigia mkeka kwa kiganja. "Panda, mwanangu. Kaa. Basi halijaondoka bado. Hayo mambo huyajui wewe, na huyu naye hayajui, aliandika rangi tu. Ntakwambia mimi."

Akamfundisha. Alimwonyesha pindo na nyuzi, akamweleza ni nani alikuja kulia, ni nani alikaa mwezi mzima hamsemeshi, kwa nini fungu la tatu lilipangwa mbali na mlango, na kwa nini yeye mwenyewe mkeka wake wa kwanza aliuweka humo makusudi, uzi wake mwekundu ukionekana. Hilo la mwisho nilikuwa silijui. Nilikuwa nimeiandika rangi hiyo daftarini bila kuuliza. Kijana alisikiliza amepiga magoti, kichwa cheupe kimeinama mbele ya kichwa cheusi cha mama. Saa kumi na nusu aliaga, akambusu mama mkono, akanipa mimi mkono wake. Nikaupokea. Nafasi ile haikutangazwa tena kwa jimbo letu mwaka uliofuata, lakini wakati huo sikujua, na nilimtakia safari njema nikiwa bado nina kisirani naye.

Tulibaki wawili. Mama aliokota sindano.

"Umekasirika," nikasema.

"La."

"Umekasirika kwa ajili ya karatasi ile."

"Karatasi siijui kusoma." Akavuta uzi. "Siku ile uliyokwenda Raskazone hukuniamkia. Ulipita hapa wahangaika na tai yako, nami nimekaa papa hapa, nangoja. Nikasema, kijana ana haraka zake. Kumbe shikamoo yangu ulikwenda nayo, ukampa mtoto wa watu."

Nilikaa chini, mkabala naye, mgongo ukutani.

"Shikamoo, mama."

Alikata uzi kwa meno, akatazama mshono, akaupapasa.

"Marahaba," akasema. "Hebu nishikie upande huo."

Nikaushika, na sikunyanyuka mpaka mkeka ukaisha.